Mtoto Mtukutu Anapopanda Jukwaani

Mzazi mwenye mtoto mtukutu huiendea siku ya muziki ya shule akiwa na wasiwasi, kwa sababu anajua kwamba mwanawe huenda asitulie mstarini kama wenzake. Nimemlea mtoto wa namna hiyo hapa Lamu, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba akiwa jukwaani, uso wa mzazi humchochea au humtuliza kuliko neno lolote.

Ilikuwa muhula wa pili, shule ikijiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927 ambayo shule huyapanda ngazi kwa ngazi hadi kiwango cha taifa. Watoto walituimbia wazazi kwanza, wavulana wakiwa na kanzu na kofia za viua, wamesimama mistari miwili. Ubeti mmoja ulikuwa wa wasichana peke yao. Hapo mwanangu, ambaye kwa muda ule hakuwa na la kufanya, akamvua kofia mwenzake wa mbele, akaivaa juu ya yake, kisha akaanza kunitafuta kwa macho. Mama mmoja kando yangu akacheka kwa sauti, na mtoto aliposikia kicheko kile akatikisa shingo ili kofia ya juu iyumbe. Mimi nilimwelekezea macho mwalimu aliyeongoza wimbo. Sikutabasamu, sikukunja uso, wala sikumwonyesha kidole. Alipoona hapati kitu kwangu, naye akageuka kumtazama mwalimu, na kiitikio kilipofika kofia ilikuwa imerudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo nawasihi wazazi wenzangu tusiwaite watoto kwa majina tukiwa vitini, tusinyanyuke kwenda kuwatoa mstarini, na simu tuziteremshe vituko vinapoanza, kwani mtoto mtukutu akiona anapigwa picha hudhani hiyo ndiyo sehemu yake katika onyesho. Ukali wa hadharani humfedhehesha yeye na kuwavuruga wenzake waliofanya mazoezi kwa bidii.

Kazi kubwa, hata hivyo, hufanywa kabla ya siku yenyewe. Utundu ule ulizuka mikono ilipokuwa mitupu, na hilo ndilo lililonipeleka kwa mwalimu kumwomba asimwondoe kundini, bali ampe tari.

"Mama, huyu akipewa tari si atatuharibia mdundo?" aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Tulikubaliana ajaribiwe mazoezini, asimame karibu na mpigaji aliyezoea. Sisi wa Lamu tunauona mfano wa jambo hili kila Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ambapo vijana ambao mitaani hawatulii hupangana safu na matari mikononi, wakapiga na kuitikia kwa muda mrefu bila kuchoka, kwa kuwa kila mmoja anamtegemea aliye kando yake na akipotea husikika mara moja. Mwanangu alibadilika kwa njia hiyo hiyo. Haikuwa kwa siku moja, na bado hukatiza watu mazungumzo nyumbani, lakini akiwa na tari mkononi humsikiliza mwalimu.

Kuhusu kofia, tulizungumza jioni tukiwa wawili tu. Nilianza kwa kumsifu kwa kuyakumbuka maneno yote ya kiitikio, kisha nikamwuliza mwenzake alijisikiaje kuvuliwa kofia mbele ya mamake. Alikubali kwenda kumwomba radhi. Nilimsindikiza hadi kwao, nikabaki barazani ili aseme mwenyewe, kwa maana radhi inayoombwa na mzazi haimfundishi mtoto kitu.

Ukiwa na mtoto kama huyu, mwone mwalimu mazoezi yanapoanza, kabla ala hazijagawiwa. Zikishagawiwa, kumpa mwanao tari ni kumnyang'anya mtoto wa mwenzako, na hakuna mwalimu wa haki atakayekubali.