Stenti ya ini haizibuliwi kwa unga wa mizizi

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu mdogo aliwekewa stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma cha kupitisha damu, kwenye ini huko India miaka miwili iliyopita, baada ya kutapika damu. Waliandika apimwe kila miezi sita, lakini hali yake ni nzuri na nauli ya kuja Dodoma mjini imekuwa shida. Jirani ametuletea unga wa mizizi wa kuzibua mishipa, ameshaanza kuunywa. Je, kweli stenti inaziba? Unga utasaidia? – Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba. Inaziba, tena inaweza kubana huku mgonjwa anajisikia mzima kabisa. Stenti za zamani za wavu mtupu wa chuma, takriban nusu zilibana ndani ya mwaka wa kwanza. Zilizovikwa utando hudumu zaidi. Aina yake itakuwa imeandikwa kwenye karatasi alizopewa akiruhusiwa.

Kinachonichosha ni huo unga. Naletewa kila mara: kifurushi cha nailoni, hakina jina, kina namba ya simu tu. Wauzaji wanadai bomba limeingia uchafu. Uchafu gani? Siku za mwanzo kinachoziba ni damu iliyoganda. Baadaye ni tishu za mgonjwa mwenyewe, zinaota kwa ndani, hasa kwenye ncha ya juu ambako stenti inaingia mshipa unaotoa damu kwenye ini kwenda moyoni. Hakuna mzizi wa kunywa na uji utakaoziondoa. Hupitishwa waya mwembamba kupitia mshipa wa shingoni, stenti ikapanuliwa kwa puto, na ikibidi ikawekwa nyingine ndani yake.

Tena unga huo ni hatari zaidi kwake kuliko kwako. Stenti ile inachepusha damu ya tumboni isipite yote kwenye ini, ili presha ya mishipa ya tumboni ishuke na mishipa ya umio (njia ya chakula) isipasuke tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya anachomeza inafika hadi kwenye ubongo bila kuchujwa kwanza na ini. Mtu anaanza kulala mchana na kukesha usiku, mikono inatetemeka, anasahau jina la mwanawe, na majirani wanasema karogwa. Huyo ni wa kupelekwa hospitali, na mara nyingi huandikiwa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku.

Mleteni apimwe altrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha mwendo wa damu. Haina sindano. Ulizeni kabla ya kupanda basi kama mashine ina Dopla, kwa sababu altrasaundi ya kawaida itaonyesha stenti ipo, haitasema damu inapitaje. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au tumbo likijaa maji tena, msisubiri tarehe.

Nawaambia na wengine wanaonunua “dawa za kusafisha ini”. Ini la mtu wa kanda hii lina maadui wa kutosha: homa ya ini B, pombe, na sumukuvu (sumu ya ukungu) ya mahindi na karanga, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Wanaonikera kuliko wote ni wanaomshauri mwenye homa ya ini B aache tenofoviri, dawa ya kudhibiti virusi hivyo, “apumzishe mwili”. Ukiiacha ghafla, virusi vinaweza kurudi kwa kishindo, na ini likashindwa kabisa.

Baba mdogo aache unga leo. Msiutupe, mje nao, daktari auone.