Mshale wa Pili

Barua iliyonijulisha kwamba sikupandishwa cheo ilikuwa na mistari minne, nami niliimaliza kwa chini ya dakika moja. Hata hivyo, kwa miezi mitatu niliamka saa tisa usiku nikiicheua kama ng'ombe, nikiyaongeza ambayo haikuyasema: kwamba nimezeeka, kwamba wenzangu wananicheka, kwamba hata wanangu wameshajua.

Katika maandiko ya Kibudha ya lugha ya Kipali, Buddha anasema kwamba mtu asiyefunzwa, anapopatwa na maumivu, ni kama aliyechomwa mshale kisha akachomwa wa pili: wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni majonzi na maombolezo yanayofuata. Barua ilikuwa mshale wa kwanza. Ule wa pili niliurusha mwenyewe, tena kila usiku.

Mwaka 1979, mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliichukua tafakuri ya Kibudha na kuanzisha Massachusetts, Marekani, mafunzo, ambayo leo huchukua wiki 8, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Baadaye wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale waliyaunganisha na tiba ya kurekebisha fikra. Katika utafiti wao wa mwaka 2000, miongoni mwa watu waliowahi kuugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mara tatu au zaidi, waliorudiwa nayo baada ya kupata mafunzo hayo walikuwa asilimia 37, ilhali kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake walikuwa asilimia 66. Kwa waliougua mara mbili tu faida haikuonekana, jambo ambalo wauzaji wa utulivu hawapendi kulitaja.

Mimi huketi dakika 10 kila asubuhi nikifuatilia pumzi, na wazo linapokuja hujiambia tu kwamba hili ni wazo. Jioni hugawa ukurasa wa daftari mara mbili: kushoto naandika kile ambacho shahidi angekiona, kulia nilichokiongeza. Upande wa kulia hujaa upesi mno. Mwanzoni nilikosea, kwani nilitaka kuyafukuza mawazo, na usingizi ukazidi kunipaa; nafuu ilianza nilipoliacha donge likae kifuani bila kulitungia hadithi.

Aliyepitia ukatili au ajali mbaya asianze peke yake, kwa sababu kufumba macho kunaweza kuyarudisha yote kwa mkupuo. Amwone kwanza mshauri nasaha. Nami bado huamka saa tisa mara mojamoja, nikanywa maji, nikarudi kulala.