Anayeshusha bei ana marejesho Jumatatu

Mmeuliza wiki hii: "Je, ushindani unazijenga biashara ndogo za wanawake au unaziua?" Kwa ninayoyaona, unaziua nyingi. Zinakufa kwa sababu wanawake tumejazana kwenye biashara chache zilezile, halafu tunashushiana bei tukiwa na madeni mgongoni.

Mimi ni mama lishe, niko Mbagala, Dar es Salaam. Pia ni mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, kwa hiyo hesabu za wenzangu nazijua.

Kulikuwa na saiti ya ujenzi mtaani kwetu ambako mafundi walikuwa wanakula kwa akina mama wawili, sahani ya wali maharage shilingi 2,000. Akaja wa tatu, akaweka 1,500. Haikupita wiki, wote watatu wakawa wanauza 1,500. Jioni moja nilikaa na mmoja wao tukapiga hesabu ya sahani moja: mchele 500, maharage 300, mafuta na viungo 250, mkaa 150, mboga na maji 100. Jumla 1,300. Inabaki 200. Akiuza sahani 40 ni shilingi 8,000, na binti anayemsaidia kuosha vyombo anachukua 5,000. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri anabaki na 3,000, na hapo bado nauli ya sokoni, ushuru, na ile sahani ya fundi aliyekula kwa deni kisha akahama saiti. Kwa bei ya zamani angebaki na 23,000.

Baada ya muda utasikia mtaani, "Fulani kala mtaji." Inaniuma sana kusikia hivyo, maana watu wanadhani kanunulia vitenge.

Sasa yule wa tatu kwa nini aliweka 1,500? Majirani walisema ni roho mbaya. Nilimfuata nikamuuliza. Alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, marejesho kila Jumatatu. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuwaza faida ya mwezi. Anachotaka ni fedha mkononi ifikapo Jumapili usiku, hata kama sahani haimlipi. Anajua kabisa anaumia. Na wenzake wawili, ambao hawadaiwi na mtu, inabidi wamfuate kwenye bei hiyo au wabaki na masufuria yamejaa. Deni la mwanamke mmoja likashusha kipato cha wote waliopanga meza pale.

Mtaji wenyewe nao hatulingani. Anayenunua mchele kwa gunia na anayenunua kwa kilo wakiuza bei moja, wa kilo ataondoka mapema hata akipika vizuri kuliko wote.

Serikali imefanya mambo mawili ninayoyaunga mkono. Julai 2025 ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za rejareja, saluni na uwakala wa fedha kwa simu. Dada zetu wa saluni na maduka madogo wana haki ya kufurahi. Lakini wa kwenye saiti ile wanabanana wenyewe kwa wenyewe, na amri hiyo haiwagusi.

Jambo la pili ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, na kati ya hizo 10, asilimia 4 ni ya wanawake. Haina riba. Iliposimamishwa mwaka 2023 hadi iliporudi 2024, niliona wanachama wetu wakikimbilia kausha damu. Kwa hiyo sitaki iguswe tena. Ninachotaka ni mwombaji aulizwe swali moja zaidi. Maandiko ya miradi ambayo vikundi vinapeleka kuombea mkopo yanafanana: sabuni ya maji, batiki, kuku, mama lishe. Mafunzo nayo ni hayohayo. Afisa maendeleo ya jamii anakagua katiba ya kikundi na akaunti ya benki, lakini ni nadra kuuliza mtaa huo una watengeneza sabuni wangapi tayari, na sabuni hiyo itanunuliwa na nani.

Wapo watakaosema bei ikishuka mlaji ananufaika. Ananufaika kwa muda mfupi. Baadaye sahani inapungua na mafuta ya kukaangia yanarudiwa mpaka yanakuwa meusi.

Wale watatu walijaribu kwanza kukubaliana bei. Haikudumu, kwa sababu Jumatatu ilikuwa inafika palepale. Tukamkopesha yule wa tatu kikobani, akamalizana na kausha damu, ndipo wakagawana chakula: mmoja supu na chapati asubuhi, mwingine wali mchana, wa tatu ugali kwa dagaa au samaki. Mkaa wananunua gunia kwa pamoja. Wali ukarudi 2,000 na mafundi hawakukimbia.

Jengo lile linakaribia kwisha, na wote watatu itabidi watafute pengine pa kupanga meza. Huko waendako mkopeshaji wa kausha damu atawafuata hadi kwenye meza, na hana fomu za kujazisha mtu. Afisa maendeleo naye awafuate hukohuko, tena awahi.