Psi 65 ya ubavuni si kipimo cha gari lako

Ndugu, umeuliza kama ujaze upepo wa psi 65 (psi ni kizio cha shinikizo la upepo) kwenye tairi za pikapu yako kabla ya safari ya jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kwa kuwa namba hiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi. Hicho ni kikomo cha tairi yenyewe. Kipimo cha gari lako kimo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, ambapo tairi za nyuma mara nyingi hupewa upepo zaidi gari likibeba mzigo. Pima asubuhi kabla hujawasha gari, kwa sababu ukipima baada ya foleni ya Thika Road tairi imeshapata joto, geji inasoma juu kwa psi kadhaa, na ukipunguza hapo, kesho yake utaikuta imelegea.

Mchangani, kama huna mzigo mzito, shusha hadi psi 20 hivi, ili tairi itandazike na kuelea juu ya mchanga badala ya kujichimbia. Endesha polepole bila kukata kona ghafla, kwani tairi laini huweza kuchomoka kwenye rimu. Tafadhali beba pampu ya umeme wa gari: ukirudi kwenye lami bila kujaza, ubavu hujikunja kila mzunguko, hupata joto kali na kupasuka.