Kiraka kinachohamisha kutu

SWALI: Nyumba yetu ya Tanga, iliyo karibu na bahari, ina roshani isiyo na nguzo. Upande wake wa chini, zege lilipasuka kwa mistari iliyonyooka yenye madoa ya kahawia, kisha kipande kikaanguka na nondo ikaonekana. Fundi ameziba mara mbili kwa lipu, na sasa nyufa zimetokea pembeni mwa kiraka. Je, alipunja saruji? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, huenda fundi wako hakupunja chochote. Nondo iliyozungukwa na zege zima haishiki kutu kwa urahisi, kwa kuwa saruji ina alikali kali (kinyume cha asidi), inayofika 12 hadi 13 kwenye kipimo cha pH, inayoufanya uso wa chuma ujivike utando mwembamba wa kukilinda. Utando huo hutobolewa na chumvi, ama ile inayoletwa na upepo wa bahari na kupenya taratibu, ama ile iliyochanganywa siku ya kumwaga zege pamoja na mchanga wa ufukweni. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, pengine mara mbili hadi sita, nayo hulisukuma zege kutoka ndani. Ndiyo maana nyufa zenu zimenyooka, kwani zinafuata nondo.

Lipu mpya haina chumvi, ila zege la jirani bado linayo. Sehemu ya nondo iliyokuwa ikiliwa ilikuwa, kwa kuliwa kwake, ikizikinga sehemu za pembeni. Ikishazibwa na kutulia, kinga hiyo huondoka na kutu huhamia ukingoni mwa kiraka. Zege lenye chumvi libomolewe hadi kidole kipite nyuma ya nondo, na nondo ifuatwe mpaka kwenye chuma safi, isuguliwe, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na iliyokonda iongezewe nyingine.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi hakiko chini. Roshani isiyo na nguzo hubebwa na nondo za juu, zile zilizolala chini ya vigae, ambazo hakuna anayeziona. Gongeni vigae kwa nyundo ndogo, hasa panapokutana roshani na ukuta: mkisikia mlio wa kitu kitupu, au mkiona ufa unaokwenda sambamba na ukuta, msiikanyage tena. Isimamishiwe mirunda, na mhandisi aitazame kabla fundi hajagusa tindo.