Mwaka jana si mlisema imeisha?

Septemba 2021 nilipangiwa meza ya chanjo ya UVIKO-19 katika zahanati yetu. Mimi ni muuguzi. Mezani kulikuwa na boksi la barafu lenye dozi za Janssen, pamba, na rundo la fomu za ridhaa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliishika fomu akaisoma hadi chini. "Nesi, mwaka jana si mlisema imeisha? Na hapa mbona nasaini kama nakopa?"

Nikamjibu: "Mama, hayo ni ya serikali, mimi nachanja tu." Akaweka kalamu akaondoka zake.

Jibu lile linaniuma hadi leo. Kilichoniuma zaidi ni kadi ya kliniki ya mtoto wake, aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni: chanjo zote zimejazwa, surua, polio, na nyingine nilimchoma kwa mkono wangu. Mama huyu hakuogopa sindano. Alichoshindwa kumeza ni maneno yetu. Takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020, Juni tukaambiwa ugonjwa umekwisha, na Julai 28, 2021 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Yote hayo aliyasikia kwenye redio ile ile.

Basi wewe unayehudumia watu, mtu akikuuliza swali kama hilo, usikimbilie kumwambia ameshikwa na uvumi wa mitandaoni. Uvumi upo, nimeusikia wa ugumba na wa kufa baada ya miaka miwili, lakini unaota pale tulipoacha pengo. Anza kwa kukiri. Mimi siku hizi nasema: "Ndiyo, tulisema. Na mimi nilikuwa hapa hapa, nikanyamaza kwa kuogopa kazi yangu." Wengi huvuta kiti baada ya hapo.

Kisha taja mabaya kabla ya mazuri. Mkono utauma, huenda ukapata homa siku moja au mbili. Unaweza kuambukizwa bado, ila hatari ya kuzidiwa mpaka kulazwa inapungua sana. Aliyeambiwa mapema ataamka na homa akameza panadoli yake. Asiyeambiwa atautangazia mtaa mzima kwamba amewekewa sumu, na huwezi kumlaumu.

Chanjo ile ilikuwa hiari, kwa hiyo mwache mtu aende akafikirie. Mwambie utakuwepo Alhamisi, na Alhamisi uwepo kweli.

Yule mama nilikutana naye tena siku ya kupima uzito watoto. Nikamwomba radhi, nikamweleza upya. Siku ile hakuchanja. Wiki iliyofuata alimleta mama yake, mwenye kisukari, na yeye mwenyewe akakaa pembeni kwenye benchi akisikiliza kama nitasema maneno yale yale.