Uliza Mwalimu: Nimestaafu reli, nijitolee wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Gungu, hapa Kigoma. Nimekuwa karani wa hesabu katika shirika la reli tangu ujana wangu, na mwaka jana nimestaafu. Watoto wana miji yao. Nikishamwagilia mchicha asubuhi, nakaa barazani hadi adhuhuri sina la kufanya, na naona afya inashuka. Nataka kujitolea. Nilikwenda kwenye asasi moja wakaniomba cheti cha chuo kikuu. Nikaenda kwenye kikao cha kikundi kingine, nusu ya muda wakabishania posho. Nifanye kazi gani yenye maana, ambayo nami nitaifurahia?
*Mstaafu, Gungu*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako imenifurahisha sana. Mtu aliyeshika vitabu vya hesabu miaka yote hiyo, na sasa anatafuta pa kuupeleka ujuzi wake bure, ni mali katika mji huu.

Usianze na asasi. Anza na kazi ambayo mkono wako umeshaizoea, kisha tafuta ni nani anahangaika kwa kuikosa. Wewe ni mtu wa hesabu, basi teremka Kibirizi.

Pale mwaloni, mitumbwi ya uvuvi wa Ziwa Tanganyika inapotia nanga, kuna akina mama wa dagaa. Wananunua alfajiri mitumbwi inaporudi, wanaanika, wanauza, na katikati ya hapo wanakopeshana mno. Mama mmoja ninayemfundisha kusoma alikuwa akiandika wadaiwa wake kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo. Mstari mmoja beseni moja, na kila mdaiwa ana alama yake ambayo mama huyo peke yake ndiye aliijua. Mwenye stoo akapaka chokaa, madeni yote yakaishia hapo. Sasa ana daftari. Ukurasa wa kushoto aliyechukua, wa kulia aliyelipa, chini anajumlisha. Siku ya kwanza alipoona hesabu ya daftari imelingana na fedha iliyo kwenye kibubu, aliihesabu upya kwa vidole, kisha akacheka hadi wenzake wakaacha kuanika wakaja kutazama. Wiki iliyofuata watatu kati yao walikuja na madaftari yao.

Hapo ndipo unapohitajika, tena kwa jambo kubwa kuliko madeni ya mabeseni. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ni haki ya akina mama hawa kuiomba. Lakini kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi, na kwenye andiko ndipo wengi wanapokwama. Anajitokeza mtu mjanja, anawaandikia kwa malipo maneno wasiyoyaelewa, na wakiulizwa swali moja na afisa wanabaki kutazamana. Karani anayeweza kukaa nao kwenye mkeka, akawauliza beseni wananunua shilingi ngapi, chumvi kiasi gani, nauli ya mzigo kiasi gani, hadi andiko likatoka vinywani mwao wenyewe, huyo atawafaa kuliko semina kumi.

Sasa sikiliza jambo la saa, maana ndilo linalowashinda wengi wenye nia njema. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haiwavuti vizuri, mitumbwi inapumzika na mwalo unapoa. Siku hizo ndizo za kufundisha. Wakati wa giza mama wa dagaa hana nafasi hata ya kunywa chai. Nimeona watu wakipanga somo Jumatatu saa tatu asubuhi, wakikosa wanafunzi wanaondoka wakisema wanawake wa Kibirizi hawapendi elimu. Neno hilo linaniuma sana. Wanaipenda, ila wanafuata mwezi. Na mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, walioshika daftari ndio niliowaona wakikaa chini mapema kupima akiba yao itafika wapi.

Njia ya kuingilia ni fupi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, wakujue sura. Kisha muone afisa maendeleo ya jamii wa kata, ndiye anayejua vikundi vipi viko hai na vipi vimebaki jina. Mwambie unatoa asubuhi moja kwa wiki. Usiahidi tano ukaleta mbili. Mara za kwanza kaa usikilize, usaidie kubeba beseni, uwaache wakuzoee.

Na nakusihi, usishike fedha ya kikundi. Usiwe mtia saini benki, usiwekewe kibubu nyumbani hata kama wanakuamini kama kaka yao. Mweka hazina awe mmoja wao, wewe uwe mtu wa kumwonyesha. Wakikupa samaki, migebuka miwili, ya kupeleka nyumbani, pokea ushukuru, maana kukataa ni kuwavunjia heshima. Fedha usipokee.

Kuhusu wale wa posho, usiwalaumu wote. Anayetoka Ujiji kwa nauli yake kila mara, mwishowe atachoka. Lakini kikundi kinachozungumza posho kabla ya kazi, waachie wenyewe.

Iwapo hesabu zimekuchosha, ziko kazi nyingine. Msalaba Mwekundu wanafundisha watu wa kujitolea huduma ya kwanza, na maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 2020 na 2021 yakaingia nyumba za kandokando, tuliona wote jinsi watu wa namna hiyo wanavyohitajika. Ukipenda miti na watoto, uliza shule ya jirani kama ina klabu ya Roots & Shoots. Mpango huo aliuanzisha Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam mwaka 1991, na sisi wa Kigoma tunamjua kwa Gombe. Ila moyo wangu uko Kibirizi, na nadhani hata wako utaishia huko. Siku utakayokosa, ukasikia wametuma mtu Gungu kuuliza kama unaumwa, utajua umeshapata pako.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza stashahada ya uuguzi, na ninajitolea katika zahanati moja huku Kasulu mwaka wa pili sasa. Nafanya zamu kama wenye ajira, hata za usiku. Nauli ni yangu. Mama anasema nivumilie nitaajiriwa. Niendelee?
*Binti, Kasulu*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wewe huna tatizo la moyo wa kujitolea, unao wa kutosha. Tatizo ni kwamba kazi yako haina mwisho wala maandishi, na hiyo ni kufanyishwa kazi bila mshahara. Nakuandikia kwa uchungu kwa sababu nawaona wengi kama wewe.

Omba barua inayotaja unafanya nini, kwa saa ngapi na hadi lini. Uliza waziwazi: nikichomwa na sindano iliyotumika, nani ananihudumia? Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Hiyo habari uwe nayo kabla ya zamu ya usiku, usiisubiri ajali. Usiingie zamu peke yako kama hakuna mwenye dhamana wa kumwita. Hakikisha leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haijaisha muda, na andika kila wiki ulichofanya, mkubwa wako aweke saini. Nafasi za serikali zikitangazwa, karatasi hizo utazihitaji.

Wakikataa kukupa barua, punguza siku. Mbili kwa wiki zinatosha kulinda ujuzi wako, na siku nyingine tafuta riziki. Mwambie mama kuwa nimesema hivyo, na nampa salamu nyingi.

SWALI: Mimi ni bodaboda wa Mwanga, sina elimu wala muda. Wanasema nikatoe damu, lakini nasikia wanaiuza. Kweli?
*Kijana wa kijiweni*

JIBU: Mwanangu, mgonjwa hatakiwi kuuziwa damu, na mtu akimdai ndugu yako fedha kwa ajili ya chupa ya damu, mpelekeni kwa uongozi wa hospitali siku hiyohiyo. Wanaopokea damu kwa wingi ni akina mama waliotokwa na damu wakati wa kujifungua, watoto walioishiwa damu kwa malaria, na majeruhi wa ajali, ambao wengi ni wenzako wa pikipiki.

Unaweza kutoa ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume hurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Watapima kwanza kama damu yako inatosha, na wataichunguza VVU, homa ya ini na kaswende, kwa hiyo nawe utajua afya yako. Damu haikai kwenye jokofu zaidi ya wiki chache, ndiyo maana wanaomba watu warudi na kurudi. Nenda hospitali ya Maweni asubuhi ukiwa umekula na kunywa maji ya kutosha, na ukimaliza pumzika kabla ya kupanda pikipiki. Mchukue na mwenzako mmoja wa kijiweni.